Kampuni za viwanja Dodoma, semeni ukweli kabla hamjachukua hela za watu

Wakuu, nimechoka kunyamaza. Kampuni siitaji kwa jina, ila waliouziwa mradi huo watajitambua.

Tangazo lilisema: kiwanja Mtumba, dakika kumi kutoka Mji wa Serikali, maji na umeme vipo, hati fasta. Nikalipa kianzio. Kumbe ni mbali kabisa, unaipita Mtumba, unaacha lami na kula vumbi mpaka unajiuliza kama dereva kapotea. Umeme "upo", yaani nguzo ya mwisho unaiona kwa mbali. Maji "yapo", yaani kuna mtu ana kisima anauza kwa ndoo. Hati ndiyo imenikera kuliko vyote: mchoro wa mipango miji haujaidhinishwa, na bila mchoro kuidhinishwa na ramani ya upimaji kusajiliwa hakuna hati inayotoka. Afisa mauzo alilijua hilo wakati ananihesabia hela.

Saiti walitupeleka kiangazi, ardhi imekauka, nyasi zimechomwa, panavutia. Mvua za Januari zilipokuja nikaenda na fundi. Bikoni moja, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, iko ndani ya maji. Fundi akachimba kidogo, akainua koleo: udongo mweusi umenata kama ugali uliokosa moto. Akaniambia udongo huu wa mbuga ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka, msingi wa kawaida hautadumu. Gharama ya msingi wa maana sikuwa nimeiweka kwenye hesabu, kwa sababu nilipouliza kuhusu udongo nilijibiwa "ardhi safi kabisa bosi, wahi, vimebaki vitatu". Tangazo la hivyo vitatu linaendelea kupostiwa hadi leo.

Tangu serikali itangaze kuhamia huku 2016, na treni ya SGR ianze kufika 2024, kila pori limekuwa "jirani na" kitu fulani. Wanaumia watumishi waliohamishiwa huku na hawaijui Dodoma, wanakatwa mikopo benki kwa ajili ya picha ya treni kwenye bango.

Kinachoniuma, mngeniambia kweli ningenunua. Mngesema maji bado, umeme bado, hati itachukua mwaka na zaidi, udongo ni mbuga na bei ni hii, ningekaa na mke wangu tukapanga. Wapo wanaotafuta kiwanja cha kukaa nacho miaka mitano, wauzieni hao kwa maneno hayo hayo. Mimi nilikuwa nahama nyumba ya kupanga. Na wenzangu wawili ofisini waliokuwa wanafuata nyuma yangu nimewazuia.

Mabosi wa hizi kampuni, mnawalipa vijana kamisheni kwa kianzio kilichoingia tu, halafu mteja akirudi analalamika mnamwonyesha fomu kwamba hela hairudi. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja, na Tume ya Ushindani ipo.

Mliolipa mradi huu njooni PM, tuandike barua moja kwa kampuni, wakikaa kimya tunapeleka Tume. Na aliyewahi kurudishiwa kianzio aweke hapa hatua alizofuata.