Filamu ya Jumamosi: Gaslight, Rebecca au The Servant?

Korosho Ghafi: Wakuu, Jumamosi naazima projekta, ukuta mweupe upo uani kwangu hapa Shangani, Mtwara. Nataka tamthilia ya zamani ya mtu anayemchezea mwenzake akili. Nimebaki na Gaslight (1944), Rebecca (1940) na The Servant (1963). Niweke ipi?

Mikindani Damu: Mkuu, mbona hujamaliza? Watazamaji ni akina nani? Kiingereza wanakisikia? Watoto watakuwepo?

Binti Mahuta: Gaslight, basi. Mume anaficha vitu halafu anamwambia mkewe amesahau mwenyewe. Usiku anapanda darini kusaka vito, huku chini taa za gesi zinafifia, mke anajiona anarukwa na akili. Ingrid Bergman alipata Oscar hapo. Na muangalie mume anavyomchekea kijakazi mbele ya mke! Angela Lansbury, filamu yake ya kwanza hiyo.

Fundi Redio: Taa kufifia? Mtwara hiyo siyo filamu. Na gesi tunayo wenyewe.

Mikindani Damu: Mambo ya bomba la gesi peleka uzi mwingine.

Fundi Redio: Nani kataja bomba?

Ng'apa Boy: The Servant. Barrett kaajiriwa kupika na kufagia, analeta msichana anayedai ni dada yake, kumbe ni mpenzi wake, ili amnase bosi. Mwisho bosi na mtumishi wanarushiana mpira ngazini, hujui tena nani anamtuma mwenzake. Kati ya wanaume hao wawili kuna jambo halitamkwi, maana Uingereza ya 1963 lilikuwa bado kosa la jinai.

Ila nikuonye. Niliipeleka kibanda umiza kimoja huku Lindi. Haina maandishi chini, haina DJ wa kutafsiri, rangi nyeusi na nyeupe. Vijana wakavumilia kidogo, mmoja akauliza, "Wanapigana lini?" Alipoingia yule msichana wakashangilia, kisha wakakasirika kwa kuwa kamera ilihama. Wakadai hela zao. Mwenye kibanda akachomoa flashi yangu, akaweka ya ngumi, na kiingilio changu hakurudisha.

Binti Mahuta: Pole kaka, ila ulimpelekea Pinter, mwandishi wa The Servant, mtu aliyelipa aone mateke!

Mwalimu Mstaafu: Wanangu, mmeisahau Rebecca. Bi Danvers, msimamizi wa nyumba, anamwonyesha mke mpya nguo ya kulalia ya mke wa kwanza, marehemu, anaingiza mkono ndani uonekane kitambaa kilivyo chepesi. Koti la manyoya analipitisha shavuni. Hagusi mtu, na unaona haya kutazama.

Korosho Ghafi: Shikamoo mwalimu. Watoto hawapo. Ila mama mkwe atakuwepo, na shemeji zangu wawili.

Mikindani Damu: Sasa ndiyo unasema!

Ng'apa Boy: Futa The Servant haraka.

Binti Mahuta: Na Gaslight mama mkwe atakuuliza vyake viko wapi.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Rebecca nayo, ile nguo ya kulalia... sijui.

Fundi Redio: Hiyo projekta umeazima kwa nani? Nina harusi Masasi mwezi ujao.