Michezo ya kwenye kishikwambi darasa la pili: mnaitumiaje?

TichaWaKKK
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi. Nafundisha darasa la pili, wanafunzi 84, chumba kimoja. Ninacho kishikwambi, vile tulivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022, na mwenzangu wa darasa la kwanza huniazima chake. Nimeweka mchezo wa kujumlisha: mtoto akipatia samaki anaruka, akikosa anazama. Wanaupenda mno, hata watoro wa Ijumaa wanakuja.

Juzi mwalimu mkuu kapita dirishani, kasikia kelele, kaniuliza kama siku hizi tunafundisha kucheza. Na wadhibiti ubora wa shule wanakuja mwezi ujao. Mnaotumia, darasa mnalipangaje? Na je, wanajifunza kweli?

BibiChaki
Marahaba mwanangu. Niko Lushoto, madarasa ya chini ndiyo nyumbani kwangu.

Kaa nyuma ya mtoto mmoja uangalie kidole chake, achana na kicheko. Nilikuwa na kijana anajaza nyota kila zamu. Inakuja 7 + 5, majibu manne. Anagonga la kwanza, la pili, la tatu, mpaka kengele ilie. Wala swali hajalisoma! Mchezo unamhesabia kafaulu, ukimpa chaki ubaoni anakutazama tu.

Kwangu sasa hakuna kugusa kioo kabla jibu halijaandikwa daftarini. Watano kwenye mkeka, mmoja kashika, wote wanaandika. Majibu yakitofautiana wabishane kwanza, kila mtu aonyeshe kapataje, ndipo aguse. Wengine wote wako na visoda na vijiti vyao, na maswali ni yale yale ya kwenye mchezo. Kundi likipata zamu moja kwa wiki inatosha.

Wadhibiti wasikutie homa. Liandike kwenye andalio la somo, sehemu ya zana, na umahiri unaoujenga uonekane. Mwalimu mkuu naye mpe madaftari ya mkekani ayapekue mwenyewe.

Faida naiona kwa wenye haya. Mtoto akikosea ubaoni darasa zima linacheka. Akikosea pale, anajua yeye na samaki.

FundiMitambo
Bibi, heshima yako, ila mbona kwenu Tanga walishathibitisha watoto wanajifunza bila hata mwalimu? Yale mashindano ya kutengeneza programu za kufundishia watoto, Global Learning XPRIZE: vijiji 170, karibu watoto 3,000, vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, vinachajiwa kwa sola. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ikapungua kwa nusu. Mwaka 2019 timu mbili, onebillion ya Uingereza na Kitkit School, wakagawana zawadi ya dola milioni 10. Na programu za waliofika fainali ziliachwa wazi, yeyote anaweza kuzichukua bure.

BibiChaki
Fundi, sibishi, na hizo programu Ticha azitafute, zina Kiswahili safi kuliko huo mchezo wa samaki. Lakini wale wengi wao shule hawajawahi kuikanyaga, na kila mtoto alikuwa na chake mkononi. Hapa ni 84 kwa viwili. Tena ukisema nusu wametoka, nusu nyingine bado wapo pale pale. Hao ndio ninaoletewa mimi.

MamaWawili
Mimi mzazi tu. Wangu akirudi shule anadai simu "ya hesabu", nikichungulia namkuta anaendesha magari. Walimu mtuambie mchezo unaitwaje, tusidanganywe.

TichaWaKKK
Hahaa, mama, nitaandika kwenye daftari lake. Bibi, la kuandika kwanza nimelichukua. Swali moja tu: nikigeuka kusaidia wa visoda, wa mkekani wanatoka kwenye mchezo, wanaingia kwenye kamera.

FundiMitambo
Kama ni Android, ingia kwenye mipangilio, upande wa usalama. Kuna sehemu ya kubandika programu moja kwenye kioo; washa na kile kipengele cha kudai namba ya siri, haitoki mpaka uiweke. Intaneti zima kabisa. Mwanga punguza, chaji ifike saa sita.

BibiChaki
Na hiyo namba ya siri usiiweke mbele yao, Ticha. Wanakariri kuliko wanavyokariri jedwali la mbili.