Injini inayogonga na safari ya Ilula

*Kundi: Ukoo wa Bibi Tulia*

Jumatano

Shangazi Eda: Kamwene wote. Ijumaa ndiyo tunaondoka kwenda Ilula, kipaimara cha Neema ni Jumamosi. Nani anakwenda na nani? Bibi magoti yake mnayajua, hawezi kuhangaika njiani.

Festo: Shikamoo shangazi. Bibi, wewe, Tumaini na watoto wake mnakuja na mimi. Nafasi ipo ya kutosha. Tunatoka Kimara saa 11 alfajiri, mchana tumefika.

Shangazi Eda: Marahaba mwanangu, ubarikiwe.

Tumaini: Kaka Festo, samahani nauliza. Jumapili uliponirudisha nyumbani gari ilikuwa inagonga sana, mpaka mlinzi wa getini akatoka kuangalia. Imeshatengenezwa?

Festo: Ni kelele tu mdogo wangu. Niliweka oili nzito na ile dawa ya kuchanganya, ikapungua. Inatembea vizuri, haijawahi kunizimikia barabarani. Na Ijumaa nitaenda mwendo wa 60, sina haraka.

Kelvin Fundi: Shikamooni wakubwa. Kaka Festo, nirekodie huo mlio. Weka simu karibu na injini, acha gari ikae sailensa kwanza, yaani iungurume bila kukanyaga mafuta, halafu mtu akanyage mafuta kidogo kidogo.

Festo: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:41)

Kelvin Fundi: Nimesikiliza. Swali moja kabla sijasema kitu: taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi inawaka?

Festo: Inachezacheza nikiwa kwenye foleni. Nikianza kwenda inazima.

Kelvin Fundi: Basi kaka, naomba usiiwashe tena hiyo gari. Naongea kama fundi na kama ndugu yako.

Ba'mdogo Luka: Tueleze vizuri Kelvin, Bibi naye anasikiliza hapa, namsomea.

Kelvin Fundi: Sawa ba'mdogo. Kuna mlio mwepesi wa juu, tik tik tik, unaosikika asubuhi injini ikiwa ya baridi na kupotea ikipata moto. Huo mara nyingi ni tapeti, vile vyuma vinavyosukuma valvu za injini. Unatengenezwa bila presha. Huu wa kaka Festo uko chini, ni mzito, ko-ko-ko, na akikanyaga mafuta unaongezeka. Huo ni wa beringi za koni rodi, ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki, yaani shafti kubwa inayozunguka chini ya injini. Zimelika, kwa hiyo koni rodi ina nafasi ya kuchezea kwenye krenki na inaipiga kila injini inapozunguka. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila koni rodi inakwenda juu na chini mara 50 kwa sekunde moja. Hesabu hapo chuma kinapigwa mara ngapi mpaka Chalinze.

Kelvin Fundi: Na ile taa nyekundu haisemi tu oili imepungua. Inasema presha imeshuka. Stiki ya kupimia oili inaweza kuonyesha oili imejaa na bado haifiki kwenye beringi. Oili nzito imeficha mlio, ugonjwa uko palepale.

Festo: Kelvin nakuelewa, lakini kugonga kumeanza muda sasa na naenda nayo kazini kila siku. Ndiyo maana nasema nitakwenda polepole.

Kelvin Fundi: Kaka, kazini ni tambarare na ni karibu. Na polepole haikusaidii unavyodhani, kwa sababu pampu ya oili inazungushwa na injini yenyewe. Injini ikizunguka taratibu presha inakuwa ndogo, ndiyo maana taa inakuchezea kwenye foleni. Kinachomaliza beringi zaidi ni mzigo. Watu 6, mabegi, gunia la mchele la sherehe, halafu Kitonga.

Ba'mdogo Luka: Hapo kwenye Kitonga niacheni niseme. Nimeendesha lori njia hiyo ya Tunduma mpaka nastaafu. Ule mlima una kona kali, barabara nyembamba, upande mmoja mwamba na upande wa pili bonde. Gari ndogo ikizima kwenye kona, lori lililo nyuma yake limebeba tani zake na linapanda kwa gia ya chini. Dereva akilazimika kusimama pale, kuondoka tena ni kazi, na anaweza kurudi nyuma. Anayeshuka naye breki zake zina moto tayari. Unaweka pembetatu wapi? Bibi unamshusha asimame wapi?

Kelvin Fundi: Ba'mdogo umesema. Ongezea hili: oili ikiwa pungufu, gari ikiinua pua mlimani ile iliyobaki inakimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na pampu inavuta hewa. Dakika chache tu beringi zinashika na injini inanoki, yaani inakwama kabisa. Au koni rodi inakatika na kutoboa bloku, oili inamwagikia ekzosi yenye moto mkali. Gari zinaungua hivyo.

Tumaini: Mungu wangu. Na ikizima ghafla breki zinafanya kazi?

Kelvin Fundi: Zipo, ila busta, ile inayokusaidia kukanyaga breki kwa wepesi, inategemea injini. Ikizima inabaki na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama umekanyaga sakafu. Usukani nao unakuwa mzito. Wakati wa kurudi Jumapili mtakuwa mnateremka. Gari yake ni ya otomatiki, injini ikizima gia haziwezi kuishikilia tena. Breki peke yake, na ngumu, kwenye mteremko ule.

Ba'mdogo Luka: Na kabla ya Kitonga kuna hifadhi ya Mikumi. Ni karibu kilomita 50 barabara inapita katikati ya wanyama. Ukiharibikiwa humo hushuki kwenda kusukuma. Tembo wanavuka pale, simba wapo.

Tumaini: Kelvin, kuna kitu kingine. Mimi na watoto tulikaa viti vya nyuma, kulikuwa na harufu ya moshi ndani. Mdogo akalalamika kichwa kinamuuma. Nilijua ni joto.

Kelvin Fundi: Dada Tumaini, hilo linanitisha kuliko mlio. Inawezekana ekzosi imetoboka. Ndani ya moshi kuna kaboni monoksidi, yenyewe haina harufu wala rangi. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, usingizi. Mtoto akilala viti vya nyuma safari ndefu utafikiri amechoka tu, kumbe hewa inammaliza. Kwa saa 8 vioo vimefungwa sababu ya vumbi? Hapana. Mpeleke mtoto akaonwe kama kichwa bado kinauma.

Tumaini: Kimeisha tangu Jumatatu, lakini nitampeleka kesho.

Shangazi Eda: Festo mwanangu. Bibi amesikia yote. Anasema anakushukuru kwa moyo wako, lakini hapandi, na wajukuu zake hawapandi. Na wewe pia hupandi. Hilo nalisema mimi.

Festo: Sawa shangazi, nimeelewa. Siwezi kubishana na maisha ya watoto. Kinachoniuma ni kwamba nilimwahidi Bibi nitampeleka mwenyewe hadi mlangoni, na pesa yote ya safari niliweka kwenye mafuta.

Ba'mdogo Luka: Mafuta yatabaki kwenye tangi, hayaozi leo. Tiketi ya Bibi na ya shangazi yako natoa mimi. Wewe utakaa naye siti moja, ndiyo kumpeleka huko.

Mama Neema: Kamwene jamani, nilikuwa shambani. Nimesoma kuanzia juu mikono inatetemeka. Njooni na basi. Mkishuka Ilula mtamkuta baba Neema na bajaji, Bibi hatatembea hata hatua kumi. Mchele nao msibebe, huku upo.

Festo: Asante dada. Kelvin, nikuletee gari lini gereji?

Kelvin Fundi: Usiilete kwa kuiendesha. Kimara hadi Tabata ni foleni tupu, taa itawaka njia nzima. Tafuta brekidauni, au nije na gari ya jirani tuivute. Jumatatu nashusha sampu. Tukiwahi, tunabadilisha beringi, na krenki ikiwa na michubuko inapelekwa kuchongwa. Pampu ya oili naikagua, na ekzosi naichomelea hapohapo. Ukiendelea kuiendesha mpaka inoki, tutakuwa tunazungumzia injini nyingine nzima ya mtumba.

Festo: Njoo tuivute Jumatatu. Funguo nampa mama watoto, hakuna atakayeigusa.

Alhamisi

Tumaini: Tiketi tayari. Basi la saa 12 asubuhi, kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Bibi na kaka Festo siti za mbele karibu na mlango. Mtoto daktari amemwangalia, yuko salama.

Shangazi Eda: Mungu ni mwema. Saa 11 kamili wote tuwe kituoni.

Mama Neema: Mwambieni kondakta mapema kwamba mnashuka Ilula, wasije wakawapitiliza hadi Iringa mjini.