Cessna 152, altralaiti au traiki: anayeanza aanzie wapi?

Mwanagenzi

Habari za humu wakuu. Nimepita vipimo vya daktari na nimekubaliwa kwenye klabu ya ndege nyepesi. Sitafuti ajira ya urubani. Nataka kuruka mwisho wa wiki, nizunguke, nirudi nyumbani mzima. Klabu ina vyombo vitatu vya kufundishia:

1. Cessna 152. Mkongwe, rangi imechujuka, lakini injini yake wanaisifu.
2. Altralaiti, yaani ndege nyepesi sana, ya viti viwili, bawa juu, injini ya Rotax 912 yenye farasi 80, skrini mpya na parachuti ya roketi inayobeba ndege nzima.
3. Traiki, ile ya bawa la kitambaa na viti vya wazi.

Moyo wangu umeangukia namba 2, hasa kwa ajili ya parachuti. Mke wangu kaona picha, akasema ni hiyo au basi. Ipi ni salama zaidi kwa mgeni? Naomba sababu, ushabiki tuuache pembeni.

Plagi Kavu

Karibu mkuu. Mimi ni fundi, kwa hiyo nitakuanzia kwenye injini.

Cessna 152 ilitengenezwa kuanzia 1977 hadi 1985, hivyo hata iliyo changa kuliko zote ina miaka arobaini. Umri huo usikutishe. Lycoming O-235 iliyo ndani yake ni chuma cha polepole: silinda nne, inapozwa na hewa, inageuza propela moja kwa moja bila gia. Inasamehe mengi. Udhaifu wake ni kabureta. Hewa ikiwa na unyevu, barafu inaweza kuganda ndani ya kabureta hata siku ambayo nje ni nyuzi 20 na zaidi, hasa ukipunguza moto wa injini ili ushuke. Ndiyo maana utafundishwa kuvuta hita ya kabureta kabla ya kupunguza, usisubiri injini ianze kukohoa.

Rotax 912 ni kitu kingine kabisa. Inazunguka haraka, hadi mizunguko 5,800 kwa dakika, halafu gia inaipunguzia propela mwendo. Vichwa vya silinda vinapozwa kwa maji, inakubali petroli ya gari, na kwa mwendo wa kawaida inakunywa lita 15 hadi 18 kwa saa. Ni injini nzuri sana, ila inataka mtu anayeijua. Mipira yake, yaani hosi, soketi za kabureta na kadhalika, hubadilishwa kila miaka mitano hata kama ndege ililala tu bandani. Klabu ikikwambia "haijaruka sana, mipira bado mizima," hapo shtuka. Na kupima oili yake kuna namna yake: swichi za moto zikiwa zimezimwa, unageuza propela kwa mkono kwa upande wake sahihi mpaka tangi la oili licheue kama mtoto aliyeshiba, ndipo unachomoa kijiti. Usipoisikia ikicheua, kijiti kinakudanganya.

Traiki uliza injini. Ikiwa ni Rotax 582 ya tu-stroki, hiyo inafunguliwa yote kila baada ya saa 300. Ikiwa ni 912, rudi juu usome tena.

Kitambaa Tupu

Naona traiki inaanza kunyanyapaliwa mapema. Hebu nimtetee mtoto wangu.

Kinachoumiza watu ndege inapogusa mahali isipopaswa ni kasi, na nguvu ya mgongano hupanda kwa kipeo cha pili cha kasi. Chombo kinachotua kwa noti 45 (noti moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa) kinabeba nguvu mara mbili na robo ya kile cha noti 30, uzito ukiwa sawa. Traiki inatua polepole, uwanja mdogo wa majani unaitosha, na uzito ulioning'inia chini ya bawa unaituliza. Vitu vya kuharibika ni vichache.

Lakini nisifiche. Kwanza, mikono. Ukisukuma baa, ile fimbo ya kuendeshea bawa, mbele unapunguza mwendo, ukivuta kwako unaongeza. Baa ikienda kushoto, chombo kinageuka kulia. Ni kinyume cha usukani wa ndege ya kawaida. Kwa hiyo chagua kimoja, uanze nacho na umalize nacho. Kuchanganya traiki na Cessna kwenye saa zako za mwanzo ni kujitafutia makubwa, maana ukishtuka mkono unafanya ulichozoea.

Pili, hali ya hewa. Mchana wa jua kali, hewa ikichemka, utapigana na baa hadi mabega yawake. Sisi tunaruka alfajiri na jioni, saa nyingine tunakunywa chai.

Tatu, kuna kosa moja ambalo traiki hailisamehe: kunyanyua pua kupita kiasi, bawa likaacha kubeba ghafla, pua ikaanguka kwa nguvu na chombo kikapinduka mbele. Kikishaanza kupinduka, rubani hana cha kufanya tena. Ndiyo maana kitabu chake kina mipaka ya kunyanyua pua na ya mlalo (kuinamisha bawa upande), na mwalimu mzuri haigusi hata kwa utani. Uliza pia bawa limepimwa lini. Jua hula kitambaa na nyuzi za mshono, na kuna kifaa kidogo cha kuvuta nyuzi hizo kuona kama bado zina nguvu.

Mwalimu Zamu

Plagi na Kitambaa wamesema vizuri. Mimi nafundisha, na kabla sijachagua ndege huwa nauliza swali ambalo wageni hawalipendi: Mwanagenzi, una kilo ngapi ukiwa umevaa, na mwalimu wako ana ngapi? Halafu nitafutie namba mbili za kila ndege: uzito wa juu unaoruhusiwa na uzito ikiwa tupu. Zimo kwenye karatasi ya mizani, na lazima iwe ndani ya ndege au ofisini.

Mwanagenzi

Mimi ni 94 na nguo na hedseti. Mwalimu kaniambia 83. Altralaiti: juu kabisa 472.5, tupu 301 pamoja na parachuti. Cessna: 757 na 515. Ya traiki bado sijaipata.

Mwalimu Zamu

Sasa tazama. 472.5 ukitoa 301 zinabaki 171.5. Ninyi wawili ni 177. Yaani mmeshapita uzito kwa kilo tano na nusu, na tangi halina hata tone la mafuta. Weka lita 40 za petroli, karibu kilo 29, mnakwenda njiani na kilo 34 na ushei za ziada.

Cessna: 757 kutoa 515 ni 242. Toa 177, zinabaki 65, ambazo ni kama lita 90 za mafuta. Inakunywa kama lita 23 kwa saa. Somo la saa moja na akiba ya nusu saa juu yake halifiki lita 40. Mnapaa halali na nafasi inabaki.

Kwa hiyo kwako wewe, na mwalimu huyo, namba 2 imejiondoa yenyewe. Mwanafunzi wa kilo 65 ningempa jibu tofauti.

Mbabe wa Mawingu

Mwalimu unamtisha kijana bure. Hizo altralaiti zinaruka na watu wawili wanene kila wiki na hakuna aliyeanguka. Mtengenezaji ameacha nafasi kubwa, kila mtu anajua. Halafu kanuni zenyewe zimebadilika, Ulaya tangu 2018 nchi zinaruhusiwa kupandisha uzito wa juu wa daraja hilo la ndege hadi kilo 600. Bawa ni lilelile.

Mwalimu Zamu

Mbabe, kanuni ya 600 ipo, hujakosea. Ila daraja kupanda hakupandishi ndege iliyosajiliwa kwa 472.5. Mpaka mtengenezaji aseme ndege hii, namba hii, inabeba kiasi hiki, kibati chake kinabaki kinavyosoma.

Na nakupa haki yako kidogo: kilo 34 za ziada hazitavunja bawa kwenye hewa tulivu. Kasi ambayo bawa linaacha kubeba itapanda kwa asilimia tatu na nusu hivi, hutaiona. Utakachoona ni ndege kuchelewa kuacha ardhi na kupanda kwa kusuasua, hasa uwanja ukiwa juu na siku ikiwa ya joto. Kisha unakuja kugeuka mara ya mwisho kabla ya kutua, umepitiliza mstari, unalaza ndege zaidi ili uurudie. Kwenye mlalo wa nyuzi 45 kasi ile imepanda asilimia 19. Kwenye 60, asilimia 41. Ongeza pedali iliyokanyagwa kupita kiasi ili pua irudi kwenye njia, bawa moja linaachia kabla ya lingine, ndege inaanza kuzunguka, na kule chini huna kimo cha kuitoa. Marubani wengi wa ndege ndogo wamefia kwenye kona hiyo. Sitaki mwanafunzi wangu afike hapo akiwa ameshakula akiba yake kwa uzito.

Na Mwanagenzi, mwambie shemeji hili taratibu: parachuti ile imepimwa kwa uzito wa juu wa ndege na kasi maalumu. Ukizidisha uzito, umekipunguza kitu kilekile ulichonunulia amani ya nyumbani. Kampuni ya Cirrus walipoidhinishiwa ndege yao ya SR20 mwaka 1998 ikiwa na parachuti hakuna aliyeiona kama kibali cha kuruka vibaya. Inataka kimo ili ifunguke, na injini ikizima mita 50 juu ya uwanja haina muda.

Plagi Kavu

Nyongeza tu kwa wenye parachuti: kuna pini yenye kitambaa chekundu kwenye kishikio. Inatolewa kabla ya kuruka, inarudishwa mkitua kabla mtu hajashuka. Nimeona ndege inapaa na pini mahali pake, na nimeona mtu akisafisha sakafu ya ndege huku roketi haina pini na goti lake liko karibu na kishikio. Sijui kipi kilinikera zaidi.

Kimya Kimya

Nilijua nitaikuta mada hii haina glaida, ndege isiyo na injini, ndani yake.

Mnabishana injini ikizima itakuwaje. Sisi hatuna injini ya kuzima. Cessna ikizimika inateleza mita tisa hivi mbele kwa kila mita moja inayoshuka. Kutoka mita 300 una kama kilomita 2.7. ASK 21, glaida ya kufundishia ya viti viwili, inakwenda 34 kwa moja. Kwa hewa tulivu kimo hichohicho kinakupa kilomita kumi. Na kila kutua kwetu ni kutua bila injini, kwa hiyo kile mnachokiita dharura ni jioni ya kawaida.

Mnakumbuka Boeing 767 ya Air Canada iliyoishiwa mafuta angani mwaka 1983 kwa sababu ya kuchanganya paundi na kilo? Kapteni Bob Pearson alikuwa mtu wa glaida. Aliilaza ubavu ikashuka bila kuongeza kasi, akaitua kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga pale Gimli. Watu wote wakatoka hai.

Kitambaa Tupu

Kimya, tunakupenda, lakini Mwanagenzi kasema klabu yake ina vyombo vitatu na hakuna winchi ya kuwavuta ninyi. Kama kuna klabu ya glaida anayoifikia, masomo machache huko yatamsaidia kwenye chombo chochote. Hapo nakuunga mkono.

Mwanagenzi

Nimerudi wakuu. Nilikwenda na ile hesabu mkononi. Mwalimu aliiangalia, akacheka, akasema "sote tunaruka hivi, hiyo karatasi ni ya wakaguzi." Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni, akasikia. Aliichukua, akaipitia mara mbili bila kusema kitu, kisha akaandika ubaoni kwamba altralaiti ni ya mwanafunzi na mwalimu wasiozidi kilo 145 kwa pamoja. Nimepangiwa Cessna na mwalimu mwingine. Mke wangu kauliza maswali mengi, kakubali akiwa amenuna.

Nianze kuangalia nini kwenye 152 kabla ya somo la kwanza?

Mwalimu Zamu

Huyo mwalimu mkuu mshike. Aliyesikia na kuandika ubaoni palepale ana thamani kuliko skrini mpya.

Somo la kwanza muulize mwalimu wako mapema: injini ikizima mara tu baada ya kupaa, tunakwenda wapi? Jibu unalolitaka ni mbele, kushoto kidogo au kulia kidogo. Akianza kukusimulia jinsi anavyoweza kugeuza na kurudi uwanjani kutoka kimo kidogo, badilisha mwalimu mara ya pili. Pia mkubaliane tangu sasa kuhusu mawingu. Jaribio la Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1954 liliwachukua watu 20 wasiofundishwa kuruka kwa kusoma mita za ndani ya ndege tu, likawawekea hali ya kutoona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti, kwa wastani ndani ya sekunde 178. Siku ikiwa na shaka, mnabaki chini.

Plagi Kavu

Mimi nakupa mawili. Kiti kwanza. Kwenye Cessna kinakimbia juu ya reli yenye matundu, na pini yake ikiwa haijaingia vizuri, au matundu yamelika, kiti kinaweza kuteleza nyuma ndege inapokaza mwendo wa kupaa. Mikono yako iko kwenye usukani, kwa hiyo unauvuta nao, na pua inanyanyuka wakati huitaki. Ukishakaa, jitikise mbele na nyuma kwa nguvu kabla injini haijawashwa. Kikisogea hata kidogo, shuka.

Pili, omba kitabu cha injini na ufungue ukurasa wa ukaguzi wa mwisho. Utakuta namba nne za mgandamizo, yaani silinda inashikilia hewa kiasi gani, moja kwa kila silinda, zimeandikwa kati ya 80, mfano 74/80. Linganisha na ukaguzi uliotangulia. Ukiona tatu zimekaa palepale na moja imeshuka hadi 58, nenda kamuulize fundi kabla hujafunga mkanda.