Dinner for One usiku wa mwaka mpya: mara ya kwanza kuiona ulicheka au ulibaki unashangaa? Tupeane uzoefu

Wakuu, salamu. Hasa mlioko Ujerumani na nchi za jirani. Tarehe 31 Desemba hiyo inakuja, na kile kichekesho cha Waingereza kinarudi tena kwenye TV.

Kwa asiyekijua: Miss Sophie anatimiza miaka 90. Meza imeandaliwa ya watu watano, ila wageni wake wanne, Sir Toby, Admiral von Schneider, Mr. Pommeroy na Mr. Winterbottom, wote ni marehemu. Basi mtumishi wake, James, anazunguka meza na kunywa kwa niaba ya kila mmoja: sherry kwenye supu, mvinyo mweupe kwenye samaki, shampeni kwenye kuku, port kwenye matunda. Viti vinne mara vinywaji vinne, piga hesabu. Dakika 18, picha nyeusi na nyeupe, na NDR, kituo cha TV cha Ujerumani, waliirekodi Hamburg mwaka 1963.

Mimi niliiona mara ya kwanza ukweni. Kilichonishangaza siyo James, ni sebule yenyewe. Watu wanacheka kabla kichekesho hakijafika! Baba mkwe anajua ni hatua ipi James atajikwaa kwenye kichwa cha ile ngozi ya chui milia, mabega yanaanza kumtikisika mapema. Nimekaa katikati yao nimetoa macho tu. Nyie ilikuwaje?

Dada wa Bremen
Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na zamu ya mwaka mpya ni yangu, maana wenye watoto wadogo wanaomba kubaki kwao. Jioni tunawasogeza wote ukumbini na viti vyao vya magurudumu. Kuna bibi mmoja jina langu analisahau kila siku, lakini James akiuliza kama utaratibu ni ule wa mwaka jana, bibi anamjibu pamoja na Miss Sophie, neno kwa neno, kwa Kiingereza. Mwaka jana akaniambia, "Mimi huyu nimeshampita umri," akataka na yeye amiminiwe. Daktari alishakataza pombe. Nikamtilia juisi ya tufaha kwenye glasi ya mvinyo. Akaonja, akanitazama kwa jicho lile, halafu akamaliza yote akanyoosha glasi niongeze.

Baba Watatu, Oslo
Huku siyo mwaka mpya, NRK, TV ya taifa ya Norway, wanaionyesha tarehe 23 Desemba jioni. Wanangu wanahesabu James anajikwaa mara ngapi. Ni 11, kila mwaka ni 11, na kila mwaka lazima wagombane.

Mtu Kwao, Birmingham
Sasa mbona mimi niko Uingereza kwenyewe na sijawahi kuisikia? Nimewauliza wenzangu kazini, wazungu watupu, hakuna anayeijua.

Mleta uzi
@Mtu Kwao ndiyo maajabu yake hayo mkuu. Freddie Frinton, yule anayecheza James, alikuwa akiicheza majukwaani, Peter Frankenfeld wa TV ya Ujerumani akaiona Blackpool, akawaalika yeye na May Warden, Miss Sophie mwenyewe, kwenda Hamburg. Kuanzia 1972 ikawa ya kila mwaka mpya. Frinton mwenyewe alifariki 1968, hakuyaona haya. Huko kwenu TV ya Sky waliionyesha tarehe 31 Desemba 2018, wakati Wajerumani wameshairithisha kwa wajukuu.

Mzee wa Kariakoo
Nimeitafuta YouTube sasa hivi. Mlevi anajikwaa, basi. King Majuto (Mungu amrehemu) angekaa tu kwenye kiti mngecheka zaidi.

Dada wa Bremen
@Mzee wa Kariakoo umeangalia peke yako, kwenye simu, mchana kweupe. Hata Majuto tulimcheka vile kwa sababu nyumba nzima ilikuwa mkekani.

Mzee wa Kariakoo
Hapo umenishika. Ila pale anapokunywa maji ya chombo cha maua nilicheka, sikatai.

Mwanafunzi, Leipzig
Mimi niliiona kwenye kozi ya Kijerumani, Desemba yangu ya kwanza. Yule bwana wa utangulizi anaeleza kila kitu kwa Kijerumani, sikuambulia. Pazia likafunguka, nasikia Kiingereza! Miezi yote ile darasani nilikuwa wa kuitikia kwa kichwa tu, siku hiyo mwalimu ananiuliza mimi Miss Sophie kasema nini.

Mke wa Mjerumani
Jamani, hakuna anayemsikia yule mama kwenye hadhira? Kuna mmoja anacheka mpaka anaishiwa pumzi. Mume wangu humsubiri yeye kuliko James.

Swahiba, Köln
Kwetu, kwenye sherehe ya jumuiya, vijana waliamua kuigiza. James wetu alikataa maji ya rangi, akasema uigizaji uwe wa kweli. Kwa Mr. Pommeroy wa samaki alishaanza kutukana marehemu, na matunda hayakufika mezani. Mwaka huu kamati imempa nafasi ya Miss Sophie, akae.