Gia ndogo au rimu za kaboni kwa mbio za milimani?

Mkanyagaji_Eldoret:
Wakuu, habari zenu. Nimejiandikisha mbio za baiskeli za barabarani, za wapandaji wa ridhaa, mwezi ujao. Nina akiba ya kununua kitu kimoja tu. Nimepata rimu za kaboni za mtumba, nyepesi sana, bei nzuri. Rafiki yangu anasema hela hiyo niiweke kwenye gia. Muuzaji anataka jibu kabla ya Jumamosi. Ipi itanifikisha juu haraka?

FundiSpoki:
Juu wapi, ndugu? Kuna mlima wa dakika kumi na kuna mlima wa saa mbili. Taja njia, uzito wako, meno ya gia za mbele na nyuma, na kama breki ni za diski au za kubana rimu. Bila hayo tunabahatisha tu.

Ras_Bagamoyo:
Chukua rimu! Mlima unahesabu kila gramu. Mimi nilipobadilisha, tofauti niliiona siku hiyo hiyo nikitoka Bagamoyo kwenda Msata.

FundiSpoki:
Kaka, Bagamoyo–Msata si mlima.

Ras_Bagamoyo:
Ina vilima vyake, na upepo wa kukukabili juu. Njoo uipande ndipo useme.

Mkanyagaji_Eldoret:
Njia ni hii: tunaanzia Kabarnet, tunashuka bonde la Kerio hadi daraja la Chebloch, kisha Biretwo, Tambach, tunamalizia Iten. Nina kilo 83. Mbele 52 na 36, nyuma kubwa ni 28, Shimano 105 ya gia 11. Breki za kubana rimu.

FundiSpoki:
Basi jibu langu ni gia, na nitakuonyesha hesabu. Ukiwa kwenye 36 mbele na 28 nyuma, ukizungusha miguu mara 70 kwa dakika, unatakiwa uende kama kilomita 11 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, kwa uzito wako pamoja na baiskeli na chupa za maji, hiyo ni takriban wati 250 za nguvu ya miguu bila kupumzika. Ukizikosa, miguu inashuka hadi mizunguko 50 na magoti ndiyo yanayolipa. Ukiweka 34 mbele na 34 nyuma, mizunguko ile ile 70 inakupeleka chini kidogo ya kilomita 9 kwa saa, na wati zinazohitajika hazifiki 200. Hapo unaweza kukaa mpaka Iten.

Sasa hesabu ya rimu. Tuseme zinakupunguzia nusu kilo nzima. Kwenye mpando wa dakika 90, hiyo ni kama nusu dakika.

Angalia mkono wa gia wa nyuma, ule unaohamisha cheni, kabla hujanunua chochote. Kama 105 yako ni toleo la R7000, mkono mfupi mwisho wake ni gia ya nyuma ya meno 30, mrefu ndio unakubali 34. Na cheni itabidi iwe ndefu zaidi. Krenki, yaani mikono ya pedali, usiiguse: hiyo hiyo ya 52/36 inapokea gia za mbele za 50/34.

Dada_wa_Moshi:
Breki za kubana rimu na kaboni ya mtumba? Mdogo wangu, soma hili kabla hujamlipa mtu.

Nilikuwa nashuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, kwenye rimu za kaboni zisizo na jina, nilizouziwa kwa sifa hizo hizo za wepesi. Wanaoijua ile barabara wanajua: nyembamba, kona juu ya kona, mwamba huku na korongo kule. Mbele yangu lori la mboga linashuka taratibu, pa kulipita hapana, kwa hiyo nimebana breki muda wote. Tulipopita Soni nikaanza kusikia harufu ya kuungua, nikadhani ni lori. Kisha breki ya mbele ikawa inashika na kuachia, inashika na kuachia. Kona iliyofuata tyubu ikapasuka na nikaangukia upande wa mwamba. Mungu alinisaidia sikuangukia upande wa pili. Mtulinga ulivunjika, na kiangazi chote kilipita sijagusa baiskeli.

Fundi alipofungua gurudumu alinionyesha ukingo wa rimu ulivyolainika na kufunguka kwa nje. Alumini hutoa joto haraka. Kaboni hulishikilia, na gundi iliyoiunga ikilainika, upepo wa tairi unasukuma ukingo. Kutoka Kabarnet hadi Chebloch utabana breki vivyo hivyo, tena na jua la bondeni.

Ras_Bagamoyo:
Pole sana dada. Lakini hizo zilikuwa za bandia. Zipo za kaboni zilizotengenezwa kustahimili joto, na zina pedi zake maalumu za breki. Chris Froome alishinda Tour de France 2013 kwenye kaboni na breki za kubana rimu.

Mzee_wa_Kikuyu:
Alikuwa na fundi kila kona, na rimu mpya. Kijana yule alizaliwa Nairobi na akajifunzia kwa David Kinjah huku kwetu Kikuyu. Milima aliizoea kabla hajaona kaboni.

Mkazi_Grenoble:
Huku Ufaransa kuna La Marmotte, mbio za ridhaa za kilomita 174: unapanda milima ya Glandon, Télégraphe, Galibier yenye mita 2,642, halafu unamalizia Alpe d'Huez, kona 21, kilomita 13.8 kwa wastani wa asilimia 8.1. Mteremko wa Glandon hawauhesabii muda, kwa sababu watu walikuwa wanaumia. Mkanyagaji, waulize waandaaji wenu kama saa itasimama hadi Chebloch. Na huku karibu kila mtu wa ridhaa ana 34 mbele. Wenye 36 nawaona wakitembea kwa miguu Alpe d'Huez.

Nyamirambo:
Mliangalia mashindano ya dunia hapa Kigali 2025? Kilomita 267.5 za wanaume, ni 30 tu waliomaliza, na hao ni wa kulipwa. Ule mpando mkali wa mawe wanaouita ukuta wa Kigali ulinifanya nilie nikiwa kando ya barabara.

Ras_Bagamoyo:
Pogačar yule aliyeshinda si binadamu wa kawaida.

Mzee_wa_Kikuyu:
Tukirudi Kerio: maji. Bondeni ni joto kali, na Iten ni mita 2,400. Wanaotoka pwani waje siku kadhaa mapema.

Mkanyagaji_Eldoret:
Asanteni nyote. Nimeupima mkono wa nyuma, naona ni mfupi. Kwa hiyo gia itanigharimu zaidi ya nilivyopanga. Na muuzaji wa rimu amepunguza bei tena leo asubuhi…

FundiSpoki:
Weka picha ya huo mkono, iwe ya upande, namba isomeke. Hata ukiwa mfupi, weka 34 mbele na 30 nyuma. Ni nafuu kubwa kuliko ulicho nacho.

Dada_wa_Moshi:
Na muulize huyo muuzaji kwa nini anashusha bei haraka hivyo.

Nyamirambo:
Kuna anayejua nyumba ya wageni ya bei ya chini Kabarnet, wanakokubali uingie na baiskeli chumbani? Nataka kuja kushiriki.