Naomba ushauri: watu wazima wa kujitolea wanawapokonya wasichana uongozi

Habari zenu wakuu. Nasimamia kikundi cha wasichana wa miaka 11 hadi 15, na tunasaidiwa na akina mama na akina dada wa kujitolea. Wana moyo kweli, ila binti akisita kidogo tu kwenye kikao, mtu mzima anadakia na kuamua. Matokeo yake wasichana wanakaa kusubiri waambiwe.

Naijua njia ya Girl Guides, walioanza Uingereza mwaka 1910, na Girl Scouts wa Marekani, walioanzishwa na Juliette Gordon Low mwaka 1912: wasichana wanagawanywa katika vikundi vidogo, kila kimoja na kiongozi wake, na viongozi hao wanakutana kupanga shughuli. Naipenda sana, kwa sababu uongozi haufundishwi kwa hotuba. Msichana ashike bajeti, aongoze kikao, hata akikosea hesabu azirekebishe mwenyewe.

Sasa mliowahi kuendesha programu kama hizi, nisaidieni. Mnawafundishaje watu wa kujitolea kunyamaza bila kuwavunja moyo? Uongozi uwe wa zamu au wa kura? Naona kura humrudisha yule yule mchangamfu, na wapole wanabaki nyuma, wakati kati yao wapo wanaojua kupanga mambo kuliko wote.

Pia, mnawachujaje wanaoomba kujitolea? Kwangu mtu mzima hakai faragha na mtoto, hilo halina mjadala, lakini nataka utaratibu kamili, kuanzia maombi hadi wadhamini.